Siku Moja ya Kalkuta, Kama Alivyoisimulia Bwana Picha

Tangazo lilibandikwa Jumatano kwenye mlango wa kanisa, na kufika Alhamisi jioni hakuna mtu katika kambi ya reli ya Kamina ambaye hakuwa amelisikia. Jumapili, saa tisa mchana, katika salle, ukumbi wa misioni, Bwana Quertin angeonyesha picha za mji wa Kalkuta, kule Asia, alikopita wakati wa vita. Kuingia ni bure. Watu waje na wake zao.

Amédée Kisimba alilisoma mara mbili, kofia mkononi. Alikuwa infirmier, yaani mwuguzi, katika dispensaire ya reli, mtu wa miaka thelathini na minane, mrefu, mikono imekauka kwa kunawa dawa kila siku. Mwaka ule wa hamsini na tatu, katika Kamina nzima, watu wawili tu walikuwa wamefika Kalkuta. Mmoja alikuwa huyo Bwana Quertin, aliyekuwa luteni vitani na sasa ana ofisi yake mjini. Askari walimwita Bwana Picha, maana hakuachana na kamera hata msalani. Wa pili alikuwa Amédée mwenyewe. Na mji uliotangazwa pale mlangoni, waliutembea pamoja siku moja tangu asubuhi hadi jua kuzama.

Mkewe, Léonie, alipiga pasi shati jeupe tangu Jumamosi.

"Kesho njo bantu bote batasikia," alisema huku akipuliza makaa ya pasi. "Miaka munane unahadisia minyi bibi yako na batoto tu. Sasa muzungu iko nasema na kinywa yake, habatasema tena iko bongo, iko uongo."

Amédée alicheka. Alikuwa na furaha, na kusema kweli hata yeye alitamani kuiona tena siku ile.

Ilikuwa Julai ya mwaka wa arobaini na tano. Hospitali yao ya vita ilikuwa inatoka Burma, na walipiga kambi nje ya Kalkuta wakingoja meli ya kurudi. Karani wa stoo ya dawa, Mhindi mmoja jina lake Nirmal, ambaye Amédée alimwuguza malaria mpaka akasimama, aliapa kwamba rafiki yake hatapanda meli kabla ya kuuona mji wake na kuonja samaki wa kwao. Ruhusa ikatoka kwa sharti moja, ofisa aende nao. Luteni Quertin akajitolea. Alitaka picha.

Nirmal aliwapandisha tramu, gari la mbele, lile la daraja la kwanza lenye mapanka ya kupepea hewa darini. Amédée alisimama mlangoni akingoja aambiwe aende nyuma. Hakuna aliyemwambia. Mzee mmoja mwenye miwani alisogea akampa nafasi dirishani, kisha akaendelea kusoma gazeti lake. Ndivyo tu. Amédée alikaa pale mikono juu ya magoti, akauangalia mji unapita. Huko kwao alizaliwa kando ya reli, baba yake alikuwa mtia makaa wa garimoshi, na hakuwahi kukaa katika behewa lenye viti vya kitambaa.

Waliona daraja la chuma linaloruka mto mzima bila nguzo hata moja majini, na chini yake watu wanaoga, wanafua, wanasali. Waliona jumba la mawe meupe lililopakwa weusi ili ndege za Wajapani zisilione usiku, nalo likiwa bado halijasuguliwa, limekaa kama bibi harusi aliyeangukia masizi. Waliona pia watu waliolala njiani, mifupa mitupu, waliosazwa na njaa ya miaka miwili nyuma. Kwenye kona moja walikunywa chai katika vikombe vidogo vya udongo, na Nirmal alipomaliza akakitupa kikombe chake chini kikavunjika. Kila mtu alifanya hivyo. Amédée alikishika chake hadi muuza chai akamcheka. Mama yake alikuwa mfinyanzi, mkono ulikataa.

Lakini kilichomfurahisha kuliko yote ni maneno. Aliwasikia watu barabarani wanasema chai, dawa, kitabu, dunia. "Dunia?" alimwuliza Nirmal. "Dunia," Nirmal alijibu, akachora duara kubwa hewani kwa mikono miwili. Amédée alikaribia kulia, hata hakujua kwa nini.

Saa ya kula, Nirmal aliwapeleka katika chumba cha chini, ngazi kumi na mbili kutoka barabarani, meza ndefu, makarani na wanafunzi wamekaa bega kwa bega. Kila mmoja alitandikiwa jani la mgomba. Juu yake wali mweupe, dengu, majani machungu yaliyokaangwa, kisha samaki wa mto aliyepikwa kwa haradali hadi mchuzi wake ukawa wa njano kama mafuta mapya ya mawese. Walikula kwa mkono. Amédée alikula kama alivyofundishwa na mama yake, akitenga miiba kwa ulimi, na mpishi alisimama nyuma yake akimsifu kwa maneno ambayo hayakuhitaji mkalimani. Walimaliza kwa maziwa matamu yaliyoganda ndani ya chungu kidogo.

Hiyo ndiyo siku aliyoibeba hadi Kamina. Kulikuwa na mengine, ya luteni, ambayo hakuyasema kwa mtu yeyote isipokuwa Léonie, kwa sababu mtu hamwaibishi mwenzake wa safari.

Jumapili salle ilijaa hadi madirishani. Mabulanketi yalitundikwa kuzuia jua. Stanislas, mwalimu wa darasa la nne, alisimama nyuma akiiendesha mashine ya picha. Padri mkubwa alikaa mbele, na kando yake, katika kiti cha heshima, Tata Mwenze, baba yake Léonie, aliyekuwa mkatekista kwa miaka ishirini na mitano. Mwenze alikuwa mtu wa mashamba, wa ukoo ulioikuta ardhi ya Kamina kabla ya reli. Hakupenda binti yake aolewe na mtoto wa kambi, watu wasio na kijiji wala makaburi. Amédée aliporudi vitani, neno la kwanza la mkwewe lilikuwa swali: kule kwa wapagani, hakuangukia sanamu? Amédée aliapa kwa ubatizo wake. Mwenze alikubali, akabaki na kipande kidogo cha mashaka, kama mwiba wa samaki uliokataa kushuka.

Bwana Quertin aliingia na suti nyeupe. Alisema Kiswahili chake cha kuagiza kazi, na watu walimshangilia kwa kuwa amejitahidi.

Picha ya kwanza, daraja. Watu wakapiga mluzi. Picha ya pili, tramu. Amédée alijiona pale dirishani, kijana, amekaa wima, akamfinya Léonie kidole.

"Hii njo boyi yangu, Amédée, munamujua bote," Bwana Quertin alisema. "Angalia macho yake! Iko naogopa tramu. Alilia sawa mutoto, alisema shetani njo anavuta gari. Nilimushika mukono!"

Salle ikacheka. Amédée naye alicheka kidogo, bila kujua anacheka nini. Boyi, mtumishi wa nyumbani? Alikuwa infirmier daraja la pili, na sindano zote za kikosi zilipita mikononi mwake. Na kuogopa! Mtoto wa mtia makaa, aliyelala utotoni kwa kelele za garimoshi, aogope tramu?

Ikaja picha ya chumba cha chakula, majani mezani. Bwana Quertin alishika tumbo akicheka kabla ya kusema.

"Hapa alikula pilipili muzima! Aliona ni haricot, maharagi. Aliruka juu ya meza, alivomia, alitapika yote, alizimia. Minyi nilimubeba ku mugongo mpaka ku njia. Officier anabeba boyi!"

Watu walikuwa wakipiga mapaja. Fundi mmoja wa karakana aligeuka nyuma akamwonyesha Amédée kidole, machozi yanamtoka. Léonie hakucheka. Alimgeukia mumewe polepole, maana alijua pilipili ile ilikuwa imeingia kinywani mwa nani. Luteni ndiye aliyekataa kula kwa mkono, akadai uma, na alipokosa uma akachukua kitu cha kijani pembeni mwa jani akakitafuna kwa hasira. Luteni ndiye aliyeanguka. Na ngazi zile kumi na mbili, Amédée alizipanda na mzigo wa kilo tisini mgongoni, huku Nirmal anamfuata na chungu cha maziwa.

"Nyamaza tu," Amédée alimnong'oneza mkewe. "Iko nachezesha bantu."

Kisha ikaja picha nyingine. Mlango wa hekalu, nguzo, ndani kabisa kitu cheusi kilichovishwa maua. Na mbele ya mlango, mtu wa sare ya askari, goti moja chini, kichwa kimeinama.

"Na hapa," alisema Bwana Quertin, akashusha sauti, "padri atanisamehe. Nilimuacha dakika moja tu. Nageuka, naona muchristu wetu iko nasali kwa sanamu ya Bahindi!"

Safari hii hawakucheka wote. Vicheko vilitoka upande wa vijana, na upande wa akina mama ukatoka mguno mrefu. Padri aliweka mkono mdomoni. Tata Mwenze aligeuka kitini mwake. Aliutafuta uso wa mkwewe katika giza lile, akaupata, akautazama, kisha akageuka mbele tena na kufanya ishara ya msalaba.

Picha ikaondoka, ikaja ya mto.

Amédée alisimama. Baadaye hakuweza kusema ni nani aliyeiamuru miguu yake.

"Bwana Quertin, samahani. Ile picha ya mulango, tuione tena."

"Amédée, ikaa," padri alisema. "Maswali itakuwa kwa mwisho."

"Haiko swali, mon père. Stanislas, rudisha ile picha."

Stanislas alimwangalia padri, akamwangalia Bwana Quertin, akaiangalia mashine yake. Alikuwa na watoto watano na nyumba ya misioni. Mkono wake ulikwenda, ukasita, kisha ukairudisha picha. Mtu wa sare akapiga goti tena ukutani.

"Musiangalie magoti," Amédée alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, halafu ikapata nguvu. "Muangalie mikono yangu. Nashika nini?"

Mama Agar, mke wa fundi yule aliyekuwa akicheka, alisimama akasogea hadi karibu na ukuta, kivuli chake kikafunika nusu ya nguzo.

"Kamba ya kiatu!" alisema.

"Na mguu ingine?"

"Hauna kiatu. Iko na soksi. Kiatu iko pale pembeni, imelala."

"Ee. Tulilombwa kuvua viatu. Ile nyumba mama ya rafiki yangu anasalia mule, na rafiki yangu alituambia, muvue. Kwetu unaingia mu lupango, mu nyumba ya mukubwa, na matope ku miguu? Hapana. Njo nilikuwa navua. Bwana Quertin alikataa. Aliingia na viatu yake mpaka ndani kwa ajili ya picha, bamama bazee bakapiga kelele, na tulikimbia, minyi na kiatu moja mu mukono! Njo kusali, ile?"

Kicheko kilichotoka sasa kilikuwa kingine kabisa. Bwana Quertin alikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Amédée, weye umesahau. Ni mchezo tu, bantu bacheke."

"Sikusahau, mon lieutenant. Miaka munane nilinyamaza juu ya pilipili, sababu sikutaka bantu bakuone vibaya. Mutu alibebwa ku mugongo ni nani? Sema. Na boyi ni nani? Nilikuwa boyi yako siku gani? Siku ile niliketi mu tramu sawa muntu, nilikula ku meza sawa muntu, hakuna Muhindi moja aliniuliza nafanya nini pale. Ile siku ilikuwa yangu. Sasa unaichukua, unaigeuza, unanirudishia mbele ya bibi yangu!"

Padri alikuwa amesimama na kuanza kung'oa mabulanketi madirishani, yeye mwenyewe, moja baada ya jingine. Jua la Kamina likaingia likaifuta picha ukutani. Watu wakatoka bila kuimba wimbo wa mwisho.

Jumatatu asubuhi Amédée aliitwa ofisini. Mkubwa wake hakumkaribisha kiti. Barua ilikuwa imekwisha kupigwa mashine, kwa Kifaransa: mimi mtia sahihi hapo chini nakiri kwamba nilisema uongo hadharani na kumkosea heshima Mzungu. Kilichobaki ni jina lake tu. Alipewa hadi Alhamisi. Maombi yake ya carte ya mérite civique, kadi iliyompa Mwafrika hadhi ya mstaarabu, ambayo kwa ajili yake tume ilikwisha kuja nyumbani kwake kuhesabu vitanda na kunusa choo, yalikuwa juu ya meza ileile, na mkubwa aliyagonga kwa kalamu.

"Nilisema uongo gani, Bwana?" Amédée aliuliza.

"Siulizi kama ni uongo," mkubwa alijibu. "Nakuuliza kama utatia sahihi."

Aliirudia njia ya nyumbani akiongea peke yake kama mlevi. Hakika kilichomchoma zaidi ni uwazi wa jibu lile.

Jumanne Tata Mwenze alikuja. Léonie alimpa kiti na munkoyo, kinywaji cha mahindi, katika kikombe kizuri. Mzee alikunywa, akapangusa ndevu.

"Mwanangu," alisema, "tia sahihi. Kuinama hakuvunji mugongo. Hata padri yetu ku misioni anasema hivyo. Muzungu alikosa, sawa, lakini weye ulimukosea mbele ya bantu."

"Na minyi, tata, nilikosewa wapi? Nyuma ya nyumba?"

"Fikiri batoto."

Hasira ilikuwa imemjaa Amédée, na huyu alikuwa baba wa mkewe; hakuna neno alilokuwa nalo ambalo lingeweza kutamkwa mbele ya mkwe. Basi Léonie ndiye aliyesema. Alikuwa amesimama mlangoni, unga wa ugali, bukari yao, hadi viwiko.

"Tata, minyi njo bibi yake. Miaka munane iko nanihadisia ile siku, na kweli yangu, nilikuwa nawaza anatia chumvi kidogo. Juzi nilijua ni kweli yote. Sasa akiandika ni bongo, batoto yangu batakuwa batoto ya mutu wa bongo, na karatasi itabaki mu ofisi, na batoto yao bataisoma. Kama hatuna kazi, tutalima ku shamba yako. Uko na shamba, tata, ao hauna?"

Mzee alimaliza munkoyo wake akaondoka.

Kabla usiku haujaingia, Amédée alikuwa amekaa mezani na kalamu. Aliandika kurasa sita. Aliandika tramu, na yule mzee wa gazeti, daraja, chai, samaki wa haradali, pilipili na ngazi kumi na mbili, viatu. Alimwandika Nirmal kwa jina lake lote. Alhamisi aliziweka kurasa zile mbele ya mkubwa, na ile barua ya Kifaransa juu yake, bila sahihi. Mkubwa alisoma ukurasa wa kwanza hadi katikati, akazikunja zote akazitia kapuni.

Hukumu ilikuja baada ya wiki mbili. Hawakumfukuza, kwa maana infirmier wa kumwamini hawakuwa wengi. Walimshusha daraja, wakamhamishia dispensaire ndogo ya Kaniama, kufunga vidonda. Carte ilikataliwa; sababu iliyoandikwa ilikuwa "tabia". Stanislas alinyang'anywa funguo za mashine ya picha. Bwana Quertin hakupata barua yoyote ya kutia sahihi.

Siku ya kusafiri, watu wa kambi walikuja stesheni wengi kuliko alivyotazamia. Mama Agar alileta kuku. Fundi mumewe alisimama mbali kidogo, hajui auweke wapi uso wake. Behewa lao lilikuwa lile la nyuma, la mabenchi ya mbao, na Amédée aliyaangalia mabenchi yale kwa muda mrefu kabla ya kuanza kupakia.

Tata Mwenze alitokea akiwa amebeba godoro kichwani, mzee wa miaka sitini, kanzu yake imelowa jasho. Alikuwa amelichukua mwenyewe nyumbani kwa Amédée, akaipita njia yote ya kambi nalo. Alilipitisha dirishani, akapumua.

"Kisimba," alisema, na kabla ya siku ile hakuwahi kumwita kwa jina la baba zake. "Ile picha. Nilikuona umepiga magoti kusali. Na macho yangu nilikuona. Sababu muzungu alisema ni kusali, na macho yangu ilimufuata."

"Lakini tata," Amédée alisema, "weye ulinijua kabla ya ile picha."

Mzee aliinamisha kichwa. Amédée hakuwa na haraka ya kumsaidia. Alikuwa bado na hasira na mzee huyu, zaidi pengine kuliko aliyokuwa nayo kwa Bwana Quertin, ambaye hakula chumvi ya nyumba yake. Alimshika mkono kwa mikono miwili, kama inavyompasa mkwe, akainama kidogo. Heshima aliitoa yote. Msamaha aliuacha usubiri kwanza.

Kengele ilipigwa. Léonie alikuwa ameshawapanga watoto kwenye benchi, mkubwa dirishani, na anawagawia vipande vya muhogo wa kuchemsha ili wasilie treni ikiondoka.